Delphine Literski Anatafuta Upinde

Kila asubuhi, kabla ya kahawa na kabla ya kumwambia mtu yeyote neno la heri, Delphine Literski hutoka kwenye kibaraza cha nyuma akiwa na koti la kulalia na ndara za manyoya, akapiga mshale mmoja. Mmoja tu. Shabaha yake ni gunia la matambara lililoegemezwa kwenye ukuta wa gereji, lenye doa jekundu alilolipaka kwa rangi ya kucha. Akilipata doa, anarudi ndani na kunywa kahawa yake kwa amani. Akilikosa, jirani yake, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, hufunga dirisha ili asisikie jinsi Wakatoliki wanavyosali.

Hapigi wa pili. Kulungu, husema Delphine, hakupi mshale wa kujipasha moto.

Ana miaka sitini na tisa. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mpishi wa shule, na katika mashamba yale ya viazi ya Wisconsin ya kati ni vigumu kumpata mwanamume wa umri wa kati ambaye hakuwahi kufokewa naye kwa sababu ya karoti. Mumewe, Ambrose, alifariki kwenye kochi akitazama mpira, timu yake ikiongoza. Waliochelewa kuja kumpa pole, Delphine aliwaambia kwamba marehemu alikuwa na bahati ya kuondoka mapema, maana kipindi cha pili timu ilishindwa vibaya sana.

Baba yao aliwaachia yeye na ndugu yake Florian msitu wa ekari arobaini, ambao ukoo mzima unauita Arobaini, kana kwamba hakuna arobaini nyingine duniani. Mwisho wa msitu huo pana kinamasi, na ukingoni mwa kinamasi pana mwerezi mkubwa wenye kichanja cha mbao na ngazi. Hapo ndipo kulungu wote wa wilaya hupita, wakubwa kwa wadogo, kama watu waendao sokoni. Kiti cha pale juu ni cha Delphine. Alikipata kwa haki siku baba yao alipoacha kupanda ngazi, na ameshakikalia muda mrefu kiasi kwamba ubao umechukua umbo la makalio yake.

Lakini kuna sheria. Jumapili moja kabla msimu wa upinde haujafunguliwa, kila anayetaka kichanja lazima apige sahani ya karatasi, ile ya kulia soseji kwenye tafrija. Inapigiliwa mtini, unapewa mshale mmoja. Ukiipata, una kiti. Ukiikosa, unakwenda kukaa karibu na barabara, mahali ambapo mnyama pekee anayepita kwa uhakika ni mbwa wa mtu wa posta. Na Florian, anayemfuata dada yake kwa mwaka mmoja tu wa kuzaliwa na kumtangulia kwa mbali sana kwa kelele, aliongeza sheria ya pili miaka michache iliyopita: mwenye upinde wa kitako, ule unaoshikwa kama bunduki na kufyatuliwa kwa kidole, naye akakae barabarani.

"Huo si upinde," alisema Florian wakati ule, huku akimtazama binamu yao aliyekuwa ameununua kwa fahari. "Hiyo ni bunduki iliyovaa gauni."

Delphine alicheka kuliko wote. Ndiyo sababu mwaka huu hakuweza kukimbilia upinde wa kitako.

Maana Novemba iliyopita, asubuhi yenye jalidi, kulungu dume alikuja hadi chini ya mwerezi. Si dume la kawaida. Pembe zake zilikuwa kama kiti alichobeba kichwani. Delphine aliinua upinde wake, akashika kamba, akavuta. Kamba haikuja. Akavuta tena, akiuma meno, akiinua mikono juu, akijipinda kwenye kiti kama mtu anayevua buti lililolowa. Bega lilisema hapana. Koti zito likasema hapana. Dume akainua kichwa, akamtazama. Akatafuna. Akakojoa taratibu bila aibu yoyote, kisha akaondoka zake.

Jioni ile baani, mbele ya samaki wa kukaanga, Delphine alisema ameona kindi wawili.

"Dada," Florian akasema kwa sauti ya kutosha baa nzima, "kiti bora kuliko vyote kwenye Arobaini, na wewe unaona kindi? Mwakani ukikosa sahani nakichukua. Nimesema mbele ya watu."

"Chukua na mto wa kukalia kabisa," alijibu Delphine. "Maana makalio yako yamezoea kochi."

Alisema hivyo, lakini usiku huo hakumaliza samaki wake.

Kwa hiyo mwezi Agosti, ule upinde wa zamani ulipopata ufa kwenye mkono wa juu, alifurahi kimoyomoyo. Alikuwa na kisingizio. Alimwita mjukuu wake Corinne ampeleke dukani kwa Lyle, kwani daktari wa macho alikuwa amemkataza kuendesha gari hadi miwani mipya ifike. Corinne ni binti wa maneno machache. Unaweza kusafiri naye kaunti mbili na ukadhani redio ndiyo inayoendesha.

"Mke mwenzangu," Delphine alimwambia wakipanda pikapu, "leo tunakwenda kutafuta mume mpya. Awe mwepesi, awe kimya, na asikorome."

Corinne alitabasamu, akawasha gari.

Lyle anauza chambo cha samaki mbele na pinde nyuma. Ili ufike kwenye pinde lazima upite jokofu la minyoo, na harufu yake inakusindikiza hadi mwisho. Ni mwanamume mkubwa mwenye ndevu za kutosha watu wawili, lakini alipomwona Delphine alificha sambusa ya nyama aliyokuwa anakula, kama mtoto aliyefumaniwa.

"Mama Delphine! Shikamoo."

"Marahaba, Lyle. Karoti unakula?"

"Nakula, mama."

"Mwongo. Nionyeshe pinde."

Zilikuwa zimetundikwa ukutani, safu nzima, nyeusi na za rangi ya majani makavu, kila moja ikiwa na kapi mbili kwenye ncha na kamba zilizopishana kama waya za kuanikia nguo za familia yenye watoto wengi. Lyle alianza na ule wa waridi.

"Huu nao?" Delphine aliuliza.

"Huo ni wa akina mama."

"Kwani kulungu anaogopa waridi?"

"Hapana, ila..."

"Basi urudishe ukutani kabla sijakumbuka mwaka uliorudia darasa."

Lyle aliurudisha. Akashusha mwingine, mfupi, wenye kapi kubwa kama visahani vya chai. "Huu ndio moto wa mwaka huu. Unarusha mshale haraka mno. Hata mwenyewe huuoni ukiondoka."

"Kulungu wangu hawana haraka, Lyle. Wanatembea. Wanakojoa." Aligeukia ukuta ghafla. "Ule pale je, ule mrefu kidogo?"

Ule mrefu ulikuwa wa mwaka juzi, wala haukuwa na jina la kutisha. Mwingine pale ulikuwa umeandikwa jina la ugonjwa, mwingine la nyoka. Lyle alimsimamisha Delphine ukutani, akampima mikono iliyonyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ili ajue kamba ivutwe kiasi gani bila kumfikia sikioni wala kuishia kwenye pua. Akarekebisha, akampa.

"Uzito wa kuvuta uwe ratili ngapi, mama?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na Delphine aliingia akiwa macho wazi. Kwa miaka yote amewaambia watu kwamba anavuta ratili hamsini. Katika nchi ile, mwanamke akisema hamsini, wanaume huweka bia mezani na kumtazama upya.

"Hamsini," alisema.

Akasimama wima, akatanua miguu, akauelekeza upinde juu kwenye dari kama anayetaka kuangusha taa, akaushusha huku akivuta, na kapi zikazunguka. Kamba ilipovuka pale pagumu, mzigo ukaisha karibu wote, kama inavyokuwa kwa pinde hizi: unapigana nao njiani, kisha unakaa nao kwa raha. Alipiga. Mshale ukaingia katikati ya shabaha nyuma ya jokofu la minyoo.

"Naununua," alisema, akipumua kwa nguvu.

Lyle alijikuna ndevu. "Mama, kwenye kichanja huwa unasimama?"

"Hayo yanakuhusu nini?"

Lyle alichukua ndoo ya chambo iliyokuwa tupu, akaipindua sakafuni, akaipangusa kwa mkono. Delphine aliitazama ile ndoo kama mtu anavyotazama kiti cha daktari wa meno. Alipogeuka kumtafuta Corinne, akamwona anaingia kutoka nje na lile koti zito la msituni, ambalo hukaa nyuma ya kiti cha pikapu mwaka mzima.

"Nani kakutuma?" Delphine aliuliza.

Corinne alimshikia koti avae. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Basi akakaa kwenye ndoo, amevaa koti, mwezi wa nane, jasho likimtiririka, akavuta. Kamba ilikuja kidogo, ikasimama. Bega likasema neno lilelile la Novemba. Akajaribu kuinua mikono juu.

"Hapana, mama, usiinue," alisema Lyle kwa upole. "Ukipunga hivyo kulungu anakuona. Vuta moja kwa moja, kama unafungua droo."

"Droo gani hii, ya benki?"

Alivuta hadi mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna kitu. Akauweka upinde mapajani, akawa anaangalia sakafu.

"Nipunguze?" Lyle aliuliza.

"Kama nikishuka hapa, Lyle, halafu nikashuka tena, siku moja nitafika barabarani na mbwa wa posta."

"Boliti zinafunguka tu kidogo, mama. Si jeneza."

Delphine alimtazama. Akacheka, bila kutaka. "Haya. Punguza. Ila usiniambie namba. Ukitaja namba nakurushia hii ndoo."

Lyle alichukua spana ndogo, akazungusha boliti ya juu, akazungusha ya chini, sawasawa. Delphine akavuta. Bado. Akazungusha tena. Bado, lakini karibu. Akazungusha tena. Safari hii kamba ilikuja moja kwa moja shavuni, kimya, viwiko vyote viwili chini, kama droo ya jikoni kwake. Akaushikilia. Akahesabu pumzi. Akaweza hata kumkonyeza Corinne akiwa bado ameushikilia.

Alipiga. Mshale ulikwenda bila papara na kuingia pale ulipotakiwa, na upinde wenyewe haukutoa sauti zaidi ya mtu anayefunga kitabu.

"Haya, taja."

"Thelathini na nane."

"Thelathini na nane! Huo ni uzito wa mbwa wa jirani!"

"Sheria ya jimbo inataka thelathini. Ukiwa na mshale mzito na ncha kali kweli, na ukikubali kumngoja mnyama aje karibu, atakufa vilevile. Kulungu hawasomi namba."

"Watu wanasoma."

"Basi usiwapige watu," alisema Lyle.

Jumapili ya sahani ilikuja na joto na mbu. Baada ya misa, ukoo ulijipanga kwenye uwazi karibu na kinamasi wakiwa na majiko ya soseji, viti vya kukunja na makasha ya bia. Florian alifika wa mwisho ili aonekane. Alikuwa na upinde mpya kabisa, ule uliokuwa na jina la nyoka, na shati lililochorwa mafuvu.

"Ratili sabini!" alitangaza, akiupiga konzi. "Huu ukimpata kulungu, mshale unatokea upande wa pili na kwenda kumtafuta mke wake. Dada, wako je? Unapiga au unapuliza?"

"Unatosha."

"Ratili ngapi?"

"Umri wako wa akili, mara mbili."

Watu walicheka, na Florian pia alicheka, kwa sababu hakuwa amepiga hesabu. Akachukua sahani ya karatasi, akaipigilia kwenye msonobari ulio mbele ya mwerezi. Akarudi chini ya kichanja, akasimama palepale alipozoea kusimama kila mwaka, ardhini, akiwa na shati tu.

"Hapana," alisema Delphine. "Mwaka huu tunapiga kama Baba alivyotuwekea. Juu, tumekaa, tumevaa koti."

Ni kweli ndivyo baba yao alivyotaka, lakini tangu afe watu walianza kusema magoti, wakasema joto, na sheria ikashuka ngazi polepole hadi ikafika chini.

"Koti? Na jua hili?" Florian aliuliza.

"Wewe ndiye uliyesema kiti kinagombewa. Mimi nasema kigombewe kitini."

Florian alimwangalia dada yake, akaangalia upinde wake mdogo. Uso wake uling'aa. Alidhani amepewa zawadi. "Sawa. Lakini tangulia wewe."

Delphine alipanda ngazi, akajifunga mkanda wa usalama, akavaa koti. Chini alisikia nyama ikichuruzika mafuta na mtu akifungua bia. Hakuogopa sahani. Aliogopa barabara: kuamka kila Novemba na kukaa pale akihesabu magari, na watu wakimpungia mkono kwa huruma.

Akaweka mshale. Akafungua droo.

Kapi zikazunguka, mzigo ukaondoka, na yeye akabaki na ule utulivu ambao hakuukuta popote pengine, si kanisani wala kwa Ambrose. Akaachia. Mshale ulikwenda taratibu kiasi kwamba binamu mmoja aliusindikiza kwa kichwa. Ulitoboa sahani pembeni kabisa, pale ambapo mtu huweka haradali.

"Imeguswa tu!" alipaza sauti Florian.

"Imetoboka," alisema yule binamu mwenye upinde wa kitako, ambaye alikuwa ameingoja siku hii kwa muda mrefu. "Sahani ni sahani."

Ikawa zamu ya Florian. Alipanda akipuliza kama treni, akakaa kitini, akavaa koti lake la msimu wa baridi. Akaweka mshale. Akavuta.

Kamba ilikuja upana wa kiganja, ikagoma. Uso ukaiva. Akainua upinde juu, kiwiko kikagonga shina la mwerezi. Akajikunja, akaweka mguu kwenye ukingo wa kichanja, akakusanya nguvu zote alizopewa na Mungu, na badala ya kamba kufunguka, kikafunguka kitu kingine. Ushuzi ule ulisikika hadi kwenye soseji.

Ukoo mzima ulianguka kwa kicheko. Mtu alimwaga bia. Hata Corinne alijifunika uso kwa kofia.

"Ni koti!" Florian alifoka kutoka juu.

"Livue!" Delphine alimjibu. "Ila Novemba utaiomba nayo ivue baridi yake?"

Alilivua. Akajaribu tena, kimya safari hii. Haikuja. Akajaribu mara nyingine, na kicheko cha chini kikaanza kupungua, kisha kikaisha, kwa sababu mtu yule hakuwa anashuka. Alikaa tu na upinde wake wa sabini mapajani, anaangalia kinamasi.

Delphine alipanda ngazi hadi kichwa chake kikafika usawa wa buti za ndugu yake.

"We Florian."

"Gerejini nilivuta vizuri," alisema. "Nimesimama."

"Najua. Na mimi nilivuta dukani. Nilipokaa nikashindwa."

Florian alimeza mate. "Bega tangu masika. Sijamwambia mtu."

"Langu tangu mwaka juzi. Wale kindi wawili walikuwa kulungu dume mmoja, tena mkubwa. Alinikojolea hapahapa chini."

Florian alimgeukia, mdomo wazi. Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, akajishika lile lenye maumivu. "Alikukojolea?"

"Nenda kwa Lyle. Anafungua boliti, huumii. Mwambie umetumwa na mpishi."

"Lakini msimu huu..." Alifuta jasho. "Sheria ni sheria, Dada. Nikikosa ni barabarani. Tungeweza, sijui, kupokezana. Wewe asubuhi, mimi jioni. Siku mojamoja tu."

"Shuka kwanza," alisema Delphine. "Soseji zinaungua."

Walishuka, Delphine mbele, kisha akamshikia ndugu yake ngazi. Walikula. Florian aliketi karibu na yule binamu na kuvumilia kila alichoambiwa kuhusu bunduki zilizovaa magauni. Alipokuwa anaondoka alimbusu dada yake shavuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nje ya mazishi.

Corinne aliendesha polepole kwenye barabara ya changarawe. Upinde ulikuwa katikati yao, umefunikwa na koti. Wakapita jiwe la mpaka kando ya barabara, ambapo Florian angekaa msimu mzima, na kweli, mbwa wa mtu wa posta alikuwa anapita. Delphine alitazama mbele.

"Bibi," alisema Corinne, "kile kiti utamwachia, hata asubuhi moja?"

"Hapana," alisema Delphine.